Jibu Ndani ya Bakuli

Mwanaheri alikuwa mjane mpya alipofundishwa chuo kikuu kwamba Wamisri wa kale waliwaandikia wafu wao ndani ya mabakuli ya chakula. Naye akamwandikia mumewe ndani ya bakuli, kwa lugha hiyohiyo ya Wamisri, “Mbona kimya?” Akapakua wali juu ya maneno hayo, akaliacha bakuli kaburini.

Asubuhi wali haukuwepo, na chini ya maandishi yake palikuwa na mstari mwingine uliomshinda kuusoma. Akalipeleka bakuli kwa mhadhiri wake, Dokta Shebe.

“Mumeo aliijua lugha hii?”

“Hata kidogo, Dokta.”

Dokta akasoma polepole: “Mumeo simjui. Nina njaa bado.”

Mwanaheri akauliza, “Nikimlisha, hawezi kuniulizia habari za mume wangu huko?”

Dokta alikuwa ameshainuka, akifunga madirisha yote harakaharaka.