Bangili Iliyomkana

Mlango wa ghala la mbegu pale Lukozi ulijifunga wenyewe, huku Zuhura, mtunzaji wake, angali ameshika kitasa.

Bangili mkononi mwake ikawaka taa nyekundu. Mwaka mzima ilikuwa ikiyasikiliza mapigo ya moyo wake tangu asubuhi hadi jioni, na maadamu ilimtambua, mlango ulimtii.

"Shikamoo, mama. Hebu niambie kweli," alisema fundi wa wawekezaji wenye ghala alipofika, akifungua kompyuta yake juu ya gunia la maharage. "Bangili umemwazima nani?"

"Marahaba. Nimwazime nani, mwanangu? Mbuzi?"

Alitania, lakini akaitazama tena ile taa nyekundu. Tangu utotoni moyo wake ulikuwa ukijikwaa, na daktari alikwisha kumwambia kwamba vidonge vipya alivyoanza kumeza vikishindwa, hapana budi apasuliwe kifua. Sasa hata bangili ilikuwa imemkana.

"Yaa Latifu," alinong'ona.

Fundi akamgeuzia kioo cha kompyuta. Mstari wa juu, wa mapigo yaliyosajiliwa, ulipanda, ukayumba, ukakatika, mfano wa mtu ashukaye mlima kwa mguu mbovu. Mstari wa chini, wa mapigo ya leo, ulikwenda kwa mizani, bila kukosea.

"Wa juu ni wewe, mama. Huyu wa chini simjui."

Zuhura aliweka vidole viwili juu ya mshipa wa mkono wake, akafumba macho, akasikiliza. Ulipiga, ukapiga, ukapiga.

"Niufute wa chini?" aliuliza fundi.

"Futa wa juu," alisema Zuhura.