Ukukwi Pakachani

Nyoka aliyetiwa na Mwanaasha katika pakacha la Jecha hakuwa na sumu. Alikuwa ukukwi tu, mwembamba, wa kijani, mwenye jicho kubwa, asiyeweza kuua hata panya. Wachumaji karafuu wengi hawawezi kumtofautisha na yule wa kijani mwingine akaaye mikarafuuni, yule anayemuuma mtu asubuhi akazikwa alasiri. Mwanaasha aliweza. Kidichi nzima ilimletea nyoka awatambue, kama ilivyokuwa ikimletea marehemu baba yake.

Ndiyo maana hakudanganyika siku kaka yake wa pekee, Makungu, alipokutwa amekufa pwani ya Bububu, kando ya tenga lake la samaki. Watu waliona vitone viwili mkononi, wakasema nyoka wa bahari, wakazika. Mwanaasha alikuwa ameushika mkono ule kabla ya maziko. Nyoka wa bahari, mwenye mkia bapa kama kasia, huuma bila kuvimbisha, na jeraha lake hulioni ila ulitafute. Mkono wa Makungu ulikuwa umefura mpaka kiwikoni. Aliyemuuma ni swila, nyoka wa nchi kavu, na swila hawi tengani mwa mvuvi mpaka mtu amtie.

Mtu huyo alimjua. Jecha, jirani yao, aligombana na Makungu kwa mpaka wa shamba, na ndiye aliyeonekana pwani asubuhi ile. Kwa miezi saba Mwanaasha alimwamkia, akampelekea sahani ya Idi, na moyoni akimlaani kila uchao. Wanasema subira huvuta heri. Yake haikuwa ya kuvuta heri. Kumuua kusingemtosha. Alitaka aseme kwa kinywa chake, mbele ya shahidi, kisha serikali imnyonge.

Mchana ule wa msimu wa karafuu, mwaka wa hamsini na saba, alimwita Sheha Borafya aje autazame mpaka. Hamad, mumewe, alikuwapo akisimamia wachumaji.

Jecha alitia mkono pakachani, akauchomoa haraka, kidole kikimtoka damu. Mkia wa kijani ukapotea majanini.

"Bi Mwanaasha," alisema, "nyoka gani yule?"

"Unamjua, Jecha. Yule wa alasiri."

"Dawa yake huna?"

"Nnayo. Lakini haimshiki mwenye damu ya mtu shingoni, mpaka aitubie."

Jecha aliporomoka chini ya mkarafuu. Jasho lilimtoka, midomo ikamkauka, na yote hayo ni hofu tupu. Mwanaasha aliona raha, raha ya mwenye swaumu aliyesikia adhana ya magharibi.

Hamad alipiga magoti, akachana upindo wa kikoi chake, akaanza kumfunga mkono. "Tulia, ndugu yangu. Usiseme neno. Kusema kunapandisha sumu."

"Mwache aseme," alisema Mwanaasha.

"Utamuua, mke wangu."

Sheha aliinama karibu. Jecha alikuwa akilia sasa, mtu mzima na mvi zake. "Yule swila nilimtia mimi, Sheha. Nilimtia tengani mwa Makungu alipokwenda kuosha mashua."

"Umesikia, Sheha?" aliuliza Mwanaasha.

"Nshasikia."

Mwanaasha alitaka kumwambia Jecha pale pale kuwa hafi, kwamba ukukwi hajaua mtu tangu dunia iumbwe, na kwamba kitanzi kinamngoja. Lakini Jecha alikuwa hajamaliza. Aliuvuta mkono wake kutoka kwenye kitambaa.

"Nitubie yote kabla sijafa. Mimi swila ningemkamata vipi? Niliahidiwa mpaka utasogezwa, shamba likisharithiwa na dada mtu. Nyoka nililetewa keshafungwa kikapuni, na aliyeniletea ni huyu huyu anayenifunga mkono."