Mtu wa Kumi

Kazi ya Mwanaidi ilikuwa kusimama nje ya kituo cha kura na kumuuliza kila mtu wa kumi anayetoka amemchagua nani. Amekatazwa kuruka mtu, hata kama hampendi.

Alikuwa amefika wa saba alipomwona baba yake mlangoni. Miaka miwili hawajasemezana. Mzee aliinama kufunga kamba za viatu, akawapisha wanawake wawili, ndipo akatoka.

"Wa kumi ni mimi," alisema. "Nilikuwa nakuhesabia tangu kwenye foleni."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Niulize."

Akamuuliza umri, kazi, kura yake. Mzee alijibu polepole, kama anayeogopa maswali yataisha.

"Nyumbani mnaishi wangapi?"

"Peke yangu. Andika hivyo hivyo."

Mwanaidi aliandika. Fomu ya mtu aliyejipanga mwenyewe awe wa kumi haifai, na alilijua hilo. Hakuitia kwenye boksi pamoja na nyingine. Aliikunja, akaifunga kwenye pindo la khanga. Kisha akamsogezea baba yake kiti chake cha plastiki.

"Kaa, baba. Namaliza saa kumi na moja."

Akaugeukia mlango, akaanza upya. Moja. Mbili. Nyuma yake mzee naye alihesabu, kwa kidole chenye wino.