Sauti Iliyokuja Kidogo Kidogo

Bi Sikudhani alifika maktaba ya mji kusikiliza sauti ya marehemu mumewe, aliyerekodiwa kwa saa nne akisimulia maisha yake. Kompyuta iliganda mara mbili.

"Imepotea, mwanangu?" aliuliza.

"Haijapotea, mama. Faili ni kubwa, na kompyuta hii inataka kulisoma lote kwa mkupuo mmoja," alijibu Nyamizi, fundi wa maktaba. Akabadilisha mpangilio ili kompyuta ivute kipande kidogo tu cha faili kutoka kwenye seva, kompyuta kuu inayotunza rekodi, ikikimaliza ndipo ivute kingine.

Kikasikika kikohozi, kisha mwanamume akisema, "Nianze na mke wangu, Siku."

"Niongeze sauti, mama?"

Bi Sikudhani hakumsikia. Kiganja chake kilikuwa juu ya spika, na midomo yake ilikuwa ikiitikia.