Ungo wa Maharage

Mshauri aliyeletwa kuwasikiliza wauguzi wa dharura aliuliza tena, "Nani aanze?" Muuguzi Sikudhani, aliyeshona asubuhi ile uso wa mwanamke aliyepigwa na mumewe, akavuta ungo wa maharage ya mchana ulioachwa na mpishi akaanza kuchambua.

Mshauri akasogea kumsaidia. Akatupa harage, akabakiza jiwe.

"We dada, utatuvunja meno!" Sikudhani akamaka. Wauguzi wakaangua kicheko, wote wakauzunguka ungo.

"Aliniuliza kama kovu litaonekana," Sikudhani akasema ghafla, mikono ikiendelea. "Nikamwambia halitaonekana. Nilimdanganya."

"Hata mimi ningemdanganya," mwenzake akadakia, akaanza kusimulia ya kwake.

Mpishi alipokuja kuchukua maharage, aliyakuta yameshatakata zamani, na vidole vyote bado vimo ungoni. Akaenda kuwaletea mchele nao wauchambue.