Chokaa ya Idi

Kila Idi ilipokaribia, Mbwana aliipaka nyumba chokaa na kuzifunika picha ambazo mkewe, Zuhura, alichora kwenye ukuta wa uani. Mwaka huu Zuhura alikuwa amemchora marehemu mama mkwe wake akipepeta mchele. Akaondoka mapema kwenda sokoni, asione picha ikifunikwa.

Aliporudi, ukuta ulikuwa mweupe, isipokuwa pale alipokaa mama na ungo wake. Mbwana alikuwa amechuchumaa, akipaka chokaa kuuzunguka ule ungo kwa brashi ndogo ya mkewe.

"Mbona hujamtia macho?" akauliza bila kugeuka.

"Sikuthubutu, Baba Rukia. Wewe ndiye unayeyajua."

Mbwana akachukua masizi ya sufuria kwa kidole. Kidole kikakaribia uso wa mama yake, kikasita, kisha kikatia jicho la kwanza.