Mashine Iliyoitwa Achille

Nsimire alimwasha kaka yake kwanza, ndipo akabandika maji ya chai.

Kompyuta ilikuwa kuukuu, imefunikwa kitenge kuzuia vumbi jeusi la mtaa wa Ndosho, mjini Goma. Ndani ya hiyo moja kulikuwa na kompyuta nyingine tatu za programu tupu, zisizo na chuma wala waya, kila moja ikijiona iko peke yake duniani. Ya kwanza iligawa anwani za mtandao. Ya pili ilipokea ujumbe na kuupeleka kwenye simu ya baba kupitia kijisanduku cha wifi kilichokuwa ukutani, bila kugusa mtandao wa mjini. Ya tatu iliitwa Achille. Nsimire aliiandikia maneno asubuhi, nayo ikayatuma jioni, wakati yeye mwenyewe ameketi mbele ya baba yake akichambua mboga za lengalenga, mikono yake yote miwili ikionekana.

Achille wa nyama na damu ndiye aliyemfundisha kazi hiyo. “Humu uharibu unavyotaka,” alimwambia. “Mashine ikikufa, unaifufua.” Kisha bomu likamkuta akifunga antena kwenye kambi ya wakimbizi wa vita, upande wa Lac Vert. Yeye hakupatikana wa kumfufua.

Siku hiyo baba yao, Mzee Mulumeoderhwa, alikuwa amelazwa hospitali. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu volkano ilipokula nyumba yao ya Buhene, na daktari alikwisha kuonya kwamba habari mbaya moja tu ingemmaliza. Ndugu wakafanya linalofanywa kwa mgonjwa wa namna hiyo: walikubaliana kumficha. Matanga yakawekwa mtaa wa Katoyi, kwa shangazi Émérance. Watu walilia kwa kunong’ona, wanawake wakijiziba midomo kwa vitenge, maana mpita njia mmoja akisikia, habari ingefika kitandani kwa mzee kabla ya jua kutua. Aliporudi nyumbani aliambiwa kijana wake amepata kazi Kampala.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Nsimire ilikata kona, ikaendelea. Lakini hakuwahi kumlilia kaka yake kwa sauti. Kutwa nzima ilimbidi acheke.

Mzee, kwa upande wake, hakumsumbua. Hakuomba hata mara moja kusikia sauti ya mwanawe.

“Sauti inakula unités za simu,” alisema. “Aandike tu.”

Na majibu yake hayakubadilika sana: “Achille mutoto wangu, dada yako anachoka sana. Umuambie alale.” Nsimire aliyasoma kwenye mashine, akafuta macho, akaandika kwa niaba ya marehemu: “Nitamuambia, Papa.”

Mwezi wa kwanza wa mwaka, waasi wakaingia mjini. Mabomu yalipopungua, umeme haukuwepo, mtandao haukuwepo, na maji ya bomba yalikuwa hadithi. Nsimire aliunganisha kompyuta yake na kile kijisanduku cha wifi kwenye betri ya gari, kwa mazoea, bila kufikiri. Jioni ile jirani yao, Mama Mwavita, alikuwa amejihifadhi kwao kwa sababu risasi zilikuwa zimetoboa bati lake. Wakiwa wameketi, Nsimire akikata lengalenga, simu ya mzee ikalia.

“Papa, niko bien, sina shida,” mzee alisoma. “Huku Kampala mvua iko inanyesha.”

“Eh!” Mama Mwavita aliruka. “Simu za Goma yote zimekufa, yenu inaingia namna gani?”

 Kisu kilimponyoka Nsimire. Mtu aliyejenga mtandao mzima ndani ya chumba cha kulala alikuwa amesahau kwamba mji ukinyamaza, na maiti lazima anyamaze.

Mzee akacheka kidogo. “Achille wangu iko na akili mingi. Atakosa njia?” Kisha akaomba chai, akauliza kama sukari bado iko.

Kesho yake betri ikaisha. Mashine zote tatu zikazimika, na mchana simu ya mzee nayo ikazimika. Nsimire aliichukua, akazunguka nayo mtaani akitafuta mwenye umeme wa jua, akarudi nayo vilevile. Jana angeweza kusingizia mtandao. Leo asingeweza, maana jana ujumbe uliingia. Tena kijana gani anaandika habari za mvua, halafu ananyamaza wakati mji wa baba yake unawaka? Mzee angeuliza, angeuliza tena, na moyo ule usingestahimili jibu.

Alisimama mlangoni kwa baba yake, akipanga uongo mpya na kuupangua. Hakuna hata mmoja uliosimama. Akaingia, simu mkononi.

“Papa,” alianza, “Achille...”

“Ikala, mama,” mzee alisema kwa upole, akimwonyesha ukingo wa kitanda. “Achille ameshaniandikia.”

Nsimire akaitazama simu aliyoishika. Kioo chake kilikuwa cheusi.

“Anasema nini?”

Mzee akamshika mkono.

“Anasema alichoka na ile matanga ya kunong’ona kule Katoyi. Anaomba tumulilie hapa kwetu, na sauti. Anasema uanze wewe.”